Kesi ya Lenzi Ndefu

Sayari ya Mshtarii ilitokea kwenye kioo cha kamera kama funza aliyekanyagwa. Baba Mapacha akaifuta picha, akabonyeza tena. Akapata funza mwingine, huyu ana mkia pia.

"Si nilisema?" akamwambia mkewe. "Lenzi imeharibika."

Walikuwa kwenye kibaraza cha juu, jua limetua punde na mbingu bado ina weupe. Kamera ilikaa juu ya stendi ya miguu mitatu, lenzi ndefu ikielekea angani. Lenzi hiyo ndiyo iliyowasomesha wanawe. Aliibeba mikononi pembeni mwa viwanja, bila stendi, akawanasa washambuliaji wakiwa hewani, hata wenzake wakamwita Mdaka Mbu. Lakini picha zake za karibuni zilitoka na ukungu, na mhariri wa gazeti lake alitaka jibu kabla ya fainali: tatizo ni kifaa au ni mtu? Fundi wa kamera alishasema lenzi ni nzima, na Baba Mapacha akaamua kuwa fundi huyo hajui kazi. Sayari ndizo zingetoa ushahidi, kwa kuwa lenzi nzima huionyesha nukta ya mwanga ilivyo na lenzi mbovu huitawanya. Aliomba kimoyomoyo lenzi iwe mbovu, na aliona haya kuomba hivyo.

Mkewe, fundi cherehani, aliweka chini shati alilokuwa akilitia vifungo, akaja kutazama. Akamtania kwamba mchagua jembe si mkulima. Kisha akauliza kwa nini anabonyeza kwa kidole, na kamera hiyo hupiga yenyewe ikitegeshwa, kama siku mapacha walipohitimu na wote wakaonekana pichani.

Baba Mapacha akajibu kuwa hayo ni mambo ya picha za familia. Mpigapicha wa kweli hubonyeza mwenyewe. Alisema kwa ukali usiostahili, na mkono wake wa kulia ukaingia mfukoni, kama ulivyozoea siku hizi.

"Baba Mapacha," mkewe akasema, "itegeshe, halafu iache. Usiiguse."

Akaitegesha. Wakarudi nyuma wote wawili, wakatulia kama watu wanaosubiri mtoto ashikwe na usingizi. Taa ndogo nyekundu ikapepesa, kamera ikalia.

Safari hii kulikuwa na duara dogo jeupe, ukingo wake safi kana kwamba limekatwa kwa mkasi, na kando yake nukta tatu zimejipanga mstari mmoja. Ilikuwa miezi ya Mshtarii. Hakuwahi kuiona maishani mwake, na alifurahi kabla hajakumbuka kuwa kesi ameshindwa.

"Umejua tangu lini?" akauliza bila kugeuka.

"Tangu nilipoanza kukumiminia chai nusu kikombe."

Yeye alidhani ni ubahili, na alishamsema kwa mapacha. Akacheka, kicheko kikatoka na machozi, akautoa mkono mfukoni. Ukatetemeka mbele ya mkewe, naye kwa mara ya kwanza hakuuficha. Mkewe alisema tu kwamba kesho wataenda hospitali pamoja.

Alimpigia mhariri palepale, asije akaghairi. Akamweleza kuwa lenzi ni nzima, mkono ndio unaotetemeka, na kwamba akikubaliwa fainali atakuja na stendi, akae nyuma ya goli moja, asikimbizane na mtu.

Mhariri akauliza: "Na hiyo lenzi umeijaribia wapi?"

"Kwenye Mshtarii."

"Nitumie niione."

Mama Mapacha alikuwa ameinamia kamera. Akasema sayari imetoroka, haimo tena ndani. Mumewe akamweleza kuwa haijatoroka, dunia ndiyo inayozunguka, kwa hiyo inabidi kuitafuta upya kila mara. Akaupeleka mkono wake unaotetemeka kwenye skrubu ya stendi, akaanza kuitafuta polepole, mkewe akimwelekeza: kushoto kidogo, usiharakishe, hapo, ngoja.