Jumla Zilizolingana

Asubuhi ile Levina aliwaruhusu watoto wa kijiji cha Michenga waliokuwa na damu ya kutosha warudi kwao. Kompyuta ya mradi wa utafiti wa malaria pale Ifakara ilikuwa imeandika SAWA, naye aliiamini, maana programu aliitunga mwenyewe. Vipimo vya wingi wa damu viliingizwa mara mbili, safu moja na yeye, nyingine na mwenzake Fidelis, kisha mashine ikalinganisha jumla za safu hizo.

Mchana Fidelis akauliza, huku anamenya muhogo, "Dada Levina, mtu akibadilishanisha vipimo vya watoto wawili, jumla si itabaki ileile?"

Levina akaketi, akaiamuru mashine ilinganishe kipimo cha kwanza na cha kwanza, cha pili na cha pili, hadi mwisho. Zikaja SAWA nyingi, halafu SI SAWA mbili zikifuatana.

Wakatazama karatasi za maabara. Aliyekosea ni Levina. Masanja, mtoto wa Nyamizi, alikuwa amepewa kipimo cha jirani yake kwenye orodha, ambaye ndiye aliyebakizwa wodini. Damu yake mwenyewe ilikuwa nne, wakati mtoto mzima hufika kumi na moja.

"Nne!" Fidelis akasema. "Na tumempa vidonge tu!"

Barabara ilikuwa tope tupu, gari likiserereka huku na huko. Karibu na Michenga wakawapita wanawake wamejifunga kanga viunoni, wanatembea kimya. Levina hakuthubutu kuwauliza waendako.

"Hodi! Mama Masanja, hodi!"

Mtoto alikuwa amelala juu ya ngozi ya ng'ombe, viganja vyeupe, mbavu zikipanda na kushuka kwa kasi.

"Ulisema mzima, daktari," Nyamizi akasema.

"Nilikosea, mama. Mimi mwenyewe. Anahitaji damu sasa hivi."

Nyamizi akamkumbatia mwanawe, akarudi nyuma hadi ukutani. "Nikupe tena wewe?"

Levina akapiga magoti pale chini, machozi yakimtoka. Mtoto akakoroma. Hapo Nyamizi akakimbilia garini, hakungoja kufunguliwa mlango.

Wodini damu iliingia tone kwa tone. Jioni Masanja alifumbua macho, akaomba maziwa. Mama yake akamnywesha, asimtazame Levina hata kidogo.

Levina akatoka nje. Ndipo akakumbuka watoto wa kijiji cha Mofu, walioruhusiwa wiki iliyopita kwa programu hiyohiyo. Akaenda mbio kumtafuta Fidelis.