Grafu ya Mizunguko Mia Tano

Kache Randu aliingia ukumbini amechelewa, akamkuta Daktari Phineas, msimamizi wa utafiti wake, ameshasimama mbele ya wageni. Ukutani pameangazwa grafu ya betri za Kache. Mstari umenyooka kama uliopigwa rula, toka mzunguko wa kwanza wa kuchaji hadi wa mia tano.

Betri zake hazikufika hata mia.

Miaka miwili alitoka Utange alfajiri kwenda maabara ya chuo, Changamwe, kutengeneza unga wa salfaidi ya bati. Unga huo hupakwa upande hasi wa betri ya lithiamu, nao hubeba umeme mwingi kuliko grafati iliyomo kwenye simu zetu. Kasoro yake, betri ikichajiwa unga hufura, ikitumika hunywea, mwisho ukameguka. Kache aliufanya vijisahani vyembamba visivyoonekana kwa macho, akavivika kaboni ili visivunjike. Alitapishwa na harufu ya mayai viza, akaungua vidole. Na bado, zikifika mzunguko wa themanini hivi, betri zilikufa. Yote hayo alimwandikia mwalimu wake.

"Baada ya mizunguko mia tano," Daktari alikuwa akisema, "uwezo uliobaki ni asilimia tisini na mbili."

Makofi. Chini ya grafu yaliandikwa majina mawili, la Daktari na la Kache. Kuliona jina lake pale ndiko kulikomwinua kitini.

"Namba hizo umezitoa wapi, mwalimu?"

Daktari akatabasamu. "Keti, mwanangu. Maswali baadaye."

"Mimi si mwanao! Betri ishirini na nne nimezipima mimi, na hakuna iliyovuka themanini na tatu. Nionyeshe hiyo ya mia tano niishike."

"Hayo ni makadirio ya kompyuta..."

"Mbona umeandika vipimo? Na jina langu umelibandika bila kuniuliza!"

Nasreen, fundi wa maabara, alimshika mkono. "Shoga, wallahi utajiharibia. Keti."

"Nimeshaharibiwa, Nasreen."

Mgeni mmoja, mama wa makamo, akaomba kuona vipimo. Kache akatoa daftari mkobani, akamsomea betri moja baada ya nyingine. Alipofika ya kumi na moja, Daktari alikuwa anakunja nyaya zake.

Alimngojea Kache mlangoni. "Nilitaka kukusaidia. Kazi iliyofeli nani ataichapisha?"

"Themanini si kufeli! Ungeniacha nitafute kinachoziua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, nawe umeifuta kwa mstari."

Kamati ya chuo ilichunguza kwa miezi mitatu. Makala ambayo Daktari alikuwa ameichapisha na grafu ile ikaondolewa jaridani, na tangazo likawataja wote wawili, kana kwamba walishirikiana. Daktari alipewa barua ya onyo, akabaki na ofisi yake. Kache akaambiwa atafute msimamizi mwingine na kurudia mwaka.

Akarudia. Wiki ya kwanza, yeye na Nasreen walifungua betri moja iliyokufa, wakaupeleka unga wake chini ya hadubini ya elektroni. Kaboni ilikuwa imebanduka kwenye kingo za vijisahani, pote walipotazama.

"Si ndiyo hii inayoziua!" Nasreen akasema. "Huna hata furaha?"

"Ninayo," Kache akajibu, akiandika kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi. "Lakini mwaka mzima, Nasreen. Jambo la wiki moja, Daktari kanipotezea mwaka mzima."