Mizinga Mitatu kwa Mpishi

Watu wakistaafu hufuga kuku. Wengine hujiunga na kwaya, wengine hukaa mlangoni kulalamikia magoti. Aol alipostaafu alianza kutengeneza mzinga wa kurusha viazi, na aliyemuuliza kwa nini alijibiwa vibaya.

"Mama Aol, kwani kuna vita?" jirani yake Moreen alimtania juu ya ua, siku alipomwona akigandisha bomba kwenye bomba kwa gundi.

"Kuna umbea. Vita bado."

"Banange! Mimi nimeuliza tu."

"Na mimi nimejibu tu."

Kusema kweli, mwanzoni sababu haikuwepo. Alikuwa ameona kwenye simu wazee fulani wa Ulaya wakirusha viazi shambani kwa bomba la plastiki, wakicheka hadi kushika mbavu, akajiambia hata mimi naweza. Basi. Mtu aliyepikia watu maisha yake yote hana haki ya kuwa na mchezo wake? Akakusanya mabomba ya maji, jembamba la kukaa kiazi na nene la kuwekea upepo. Akapata koki ya kuuachia upepo wote kwa mara moja, na pampu ya baiskeli ya kuujaza. Hakuna baruti, hakuna moto. Kisha akashuka Katwe, kwenye vibanda vya wachomeleaji, fundi Mushagalusa akamtengenezea miguu mitatu ya chuma ya kuusimamisha.

"Hii ni ya nini, Mama?" Mushagalusa aliuliza, akiinua miwani yake myeusi.

"Wewe choma, baba. Siku ikilia utaisikia hadi huku."

Sababu ilikuja baadaye, na aliyekuja nayo ni Maimunah.

Maimunah na Aol walipika pamoja katika mesi ya maofisa, bwalo la kambi ya jeshi, tangu wakiwa wasichana. Maimunah alitoka Arua, Aol Kitgum, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo waligombana na kupatana kwa Kiswahili cha kambini hadi kikawa lugha ya nyumbani. Askari hawakuwa. Walikuwa wapishi wa kuajiriwa, aproni badala ya magwanda. Vijana wa kawaida walikula ugali wa posho na maharage. Maofisa walikula viazi, na kila kiazi kilipita katika mikono ya wanawake hawa wawili. Kikienda mezani na doa dogo la ganda kilirudishwa jikoni, na maneno juu yake. Kila askari alipozikwa, wao walikuwa nyuma kwenye masufuria. Bunduki za heshima zilipolia, Maimunah aliweka mwiko chini na kusimama wima mpaka ziishe.

Sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Madaktari walimrudisha nyumbani kwake Mbuya, nyumba inayofuata baada ya kwa Moreen, na vidonge na maneno laini, na kila mtu alijua maneno laini yana maana gani.

"Unajua kinachoniuma?" alimwambia Aol alasiri moja, amelala karibu na dirisha. "Si kufa. Ni kwamba watanishusha kimya kimya. Hata bunduki moja ya kusema huyu naye alikuwepo, hakuna."

"Sisi hatukuwa jeshini, Maimunah."

"Kwani waliokuwa jeshini walikula mawe?"

Neno likamtoka Aol kabla hajalipima. "Mimi nina mzinga."

"Ule wa viazi?" Maimunah alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Aol akamwinua akae. Alipopata pumzi hakuwa anacheka tena. "Basi nipigie nikiwa hai. Nikishakufa nitausikia kwa masikio gani? Nipigie mitatu."

"Mitatu," Aol akasema, na tangu siku ile haikuwa mchezo tena.

Nyuma ya nyumba ya Maimunah kiwanja kinateremka hadi shamba lake la mayugwa, yaani magimbi, na chini ya mayugwa ni kinamasi. Hakuna nyumba, hakuna mtu. Aol aliusimamisha mzinga pale ukielekea kinamasini. Kila asubuhi alikaa na karai lake, akamenya viazi, akavichonga vikawa laini kama yai, akavilowesha kwenye maji ya chumvi visije vikawa vyeusi. Kisha akaingiza kimoja, akapampu mpaka kwapa likamuuma, akafungua koki.

Fyuuu.

Kiazi kilichungulia, kikadondoka hapo hapo miguuni pake.

Akaongeza gundi kwenye maungio. Fyuuu. Akabadilisha raba ya pampu. Fyuuu. Akaitukana koki kwa Kiacholi, akaitukana tena kwa Kiswahili ili isidai haikuelewa. Fyuuu.

"Mama Aol," Moreen aliita, "mzinga wako una pumu!"

"Na wewe una mdomo!"

Mdomo huo ndio uliofikisha habari kwa Swaibu. Swaibu ni mtoto wa pekee wa Maimunah, kapteni, mwenye ofisi juu kilimani kwenye makao makuu ya jeshi. Alikulia chini ya meza ya jiko la mesi, akilishwa chipsi zilizobaki. Ijumaa alikuja na sare yake, akauzunguka mzinga, akaupiga teke dogo mguuni.

"Mama Aol, hiki kitu kiondoke."

"Kimekukosea nini?"

"Hapa ni Mbuya! Wakubwa wote wako pale juu. Kikilia bum hapa chini, ataulizwa nani? Nitaulizwa mimi."

"Ukiulizwa, jibu."

"Nijibu nini? Kwamba mama yangu anapigiwa mizinga ya viazi?"

"Ndiyo. Sema hivyo hivyo, umeshayapanga vizuri."

Swaibu alivuta pumzi. Alikuwa mtoto mwema, hilo lazima lisemwe. Dawa za mama yake alinunua yeye, usiku alikuja kumgeuza. Lakini wema wake ulikuwa na woga ndani. "Jumapili namhamishia mama kwangu Ntinda. Hospitali iko karibu. Kule tumebanana ukuta kwa ukuta, haya mambo yatakwisha yenyewe. Mpaka hapo, kisipigwe. Hiyo ni amri."

"Amri?" Aol aliinuka, kisu cha kumenyea mkononi. "Swaibu, mimi nimekuosha makalio kwenye karai la mesi. Amri kampe mwenye magwanda!"

Kapteni aliondoka akiona haya. Aol alibaki na hasira yake. Amri haikumuuma, amri amezisikia tangu ujana. Kilichomuuma ni jinsi neno viazi lilivyomtoka yule mtoto mdomoni, kwa aibu, naye amekuzwa na viazi hivyo hivyo. Kumbe hata yeye. Aol aliapa kwamba mizinga italia kabla ya Jumapili, watake wasitake.

Jumamosi, jua likiwa kichwani, alivaa aproni yake nyeupe ya mesi, ameipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alisukuma kitanda cha Maimunah hadi dirishani, akalifungua wazi.

"Uko tayari, afande?"

"Afande alikuwa tayari tangu jana," Maimunah alijibu kwa sauti nyembamba. Alikuwa amejifunga leso yake nzuri kichwani.

Aol alikuwa anapampu pale Swaibu alipotokea kwenye kona ya nyumba. Alikuja kufunga mizigo ya mama yake, na viatu vyake vya kazini vinang'aa.

"Mama Aol! Nilisema nini?"

"Ulisema mengi. Sogea."

Akafungua koki. Fyuuu. Kiazi kilidondoka, kikabingirika kwa upole mpaka kwenye kiatu cha kapteni.

Swaibu alikitazama. Alijizuia, akashindwa, akacheka. "Hii ndiyo heshima yenyewe?"

Aol alichukua kingine, akapampu tena, safari hii kwa hasira, uzito wake wote juu ya pampu. Fyuuu. Upande wa pili wa ua Moreen alisema "bambi," kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko utani. Aol alihisi machozi yanapanda. Wiki zote hizi. Ameahidi mitatu na hawezi kutoa hata mmoja.

"Aol!" Maimunah aliita kutoka dirishani. "Hebu ninyanyulie hicho kiazi nikione."

Akakinyanyua.

"Umekimenya?"

"Nimekimenya, ndiyo. Sasa?"

"Na umekichonga?"

"Nimekichonga vizuri, nikakilowesha. Kwani nimesahau kazi?"

"Wewe mwanamke! Unampikia nani? Kitu kinateleza, kidogo kuliko bomba, upepo si unapita pembeni wote! Weka kiazi kizima na ganda lake. Kikubwa. Kisukume kwa nguvu mpaka bomba likikate lenyewe, kikabe."

Aol alisimama mdomo wazi. Ganda. Katika majaribio yote yale hakuwahi hata kuliwaza. Mikono yake ilimenya kabla kichwa hakijaamka. "Kiazi na ganda," alisema polepole, "mbele ya ofisa?"

"Mbele ya ofisa! Na arudishe jikoni kama ana ubavu!"

Wakacheka wote wawili, mmoja uani na mmoja kitandani, kicheko kile kile cha jikoni ambacho walikuwa wakikizima kwa aproni mdomoni. Leo hawakukizima. Aol alitia mkono kwenye gunia, akatoa kiazi kikubwa chenye udongo bado, akakigongomea kwenye mdomo wa bomba kwa kigingi. Bomba likakata, vipande vya pembeni vikaanguka, kiazi kikakaza. Akapampu. Pampu ilianza kuwa nzito mkononi, na hapo akajua.

BUM!

Karoli, ndege wakubwa waliokuwa wakidokoa taka kinamasini, walipaa wote kwa pamoja. Kiazi kilipita juu ya mayugwa, kikaenda, kikaenda, kikatua majini mbali kabisa. Kapteni Swaibu alikuwa chini kifudifudi, mikono kichwani.

"Moja!" Maimunah alipaza sauti.

"Inuka, Swaibu," Aol alisema. "Ni kiazi tu."

Akapakia tena kabla yule mtoto hajamaliza kupangusa magoti.

BUM!

"Mbili! Wallahi, mbili!"

Kisha geti likagongwa kwa nguvu, kama wanavyogonga watu wenye haki ya kugonga. Kicheko kikakatika. Swaibu aliutazama mzinga, akamtazama Aol, na uso wake ulikuwa wa yule mtoto aliyekuwa akijificha chini ya meza maofisa wakiingia jikoni. Alikwenda kufungua. Vijana wawili wa doria walisimama pale na bunduki zao. Walipoona vyeo begani mwake wakapiga saluti.

"Afande, tumesikia mlio. Kuna nini hapa?"

Aol alikamata koki kwa mikono yote miwili. Wakitaka kuuchukua, watamchukua pamoja nao. Swaibu aligeuka akatazama dirisha la mama yake.

"Mama yangu anapigiwa mizinga," alisema.

"Mizinga ya nini, afande?"

"Ya viazi." Halafu akanyoosha mgongo, na sauti ikatoka upya, kubwa. "Alikuwa mpishi wa mesi. Yeye na yule pale. Nimekula mkononi mwao mimi, na wakubwa wenu wamekula. Umebaki mmoja. Akiniuliza mtu, nitajibu mimi. Ninyi simameni vizuri."

Vijana walitazamana, wakasimama vizuri.

Aol aliinamia gunia ili wasimwone uso. Alipakia cha tatu, kikubwa kuliko vyote, akapampu mpaka mkono ukakataa.

"Ngoja," Maimunah aliita. "Swaibu, nitoe nje."

Swaibu alimleta mikononi. Alikuwa mwepesi mno, miguu inaning'inia na soksi zake za sufu. Akamkalisha kwenye kigoda cha Aol, kando ya mzinga, akamshikilia mgongo. Maimunah aliweka kiganja juu ya koki.

"Toka hapo, Aol. Simama pale nikuone."

"Usiniharibie kazi. Ulisema mitatu. Huu ni wako."

"Miwili inanitosha." Alipumzika kidogo, akapata pumzi. "Siku yako ikifika nani atakupigia? Mimi sitakuwepo."

Aol alikuwa na jibu. Maisha yake yote hajakosa jibu, na hili alikuwa nalo ulimini. Akalimeza. Aliinyoosha aproni kwa viganja vyenye udongo, ikachafuka, akaiacha hivyo. Akakutanisha visigino, mikono ubavuni, macho mbele juu ya mayugwa, machozi yakishuka bila kuomba ruhusa.

"Piga basi," alisema. "Na mkono usitetemeke."

Maimunah akapiga.