Mwisho wa Ulimwengu, Tegeta

Mwalimu Theonest, jirani mpya wa Bi Chausiku huko Tegeta, alisimama mpakani akamweleza kwamba ulimwengu hauna mwisho.

"Ukienda unaenda tu, mama. Hakuna ukuta."

Bi Chausiku aliacha kufagia. Siku zote salamu tu, leo mbingu za nini? Madalali wa viwanja ndio huanza hivyohivyo, kukusifia ukubwa wa eneo. Na mbona kasimama kama anaziba kitu?

"Na vilivyomo, mawe na mchanga?"

"Navyo pengine haviishi."

Akamsogeza kando kwa ufagio. Nyuma yake, ndani ya kiwanja cha Bi Chausiku, palikuwa pamechimbwa shimo refu na msingi mdogo, na bikoni ya mpaka imelala kwenye kifusi.

"Ulimwengu wote huo, mwalimu, na choo chako ukaona kikae kwangu?"