Mazishi ya Yai

Wananiambia nisiandike nikiwa na hasira. Basi waje wao waandike, wao ambao trekta halijapita juu ya kiwanja chao.

Kiwanja chenyewe tulikiita Yai, kwa umbo lake: nusu maili ya udongo mwekundu unaozunguka na kurudi pale pale, kandokando ya barabara ya Kwihara. Wazungu wachache walikichora kwa kamba mwaka 1952, wapate mahali pa kushindanisha magari. Kuchora ni wao, kutoka jasho ni sisi. Babu yangu Luhende na wenzake walishindilia ule udongo kwa magogo miezi mitano, wakiumwagia maji na mavi ya ng'ombe kama sakafu ya tembe, ukawa mgumu kuliko moyo wa katibu wetu, ambaye namfikia sasa hivi. Walipomaliza wakafungiwa kamba, wasimame nje wale vumbi.

Magari ya Yai si kama ya barabarani. Kiti kimoja, hakuna paa, hakuna mlango, hakuna madigadi. Magurudumu yote manne yako nje kama miguu ya panzi. Akina mama waliyaita magari uchi. Aliyekuwa akiyatengeneza ni Fundi Mabruki wa mjini Tabora. Uhuru ulipokuja wenyewe wakaenda zao, Mabruki akabaki na spana zake na akili zake, na ile kamba akaikata. Tangu hapo kila Saba Saba mafundi wa Tabora, Urambo na Nzega walikuja na magari uchi waliyoyaunga kwa vyuma chakavu, wakazunguka mara thelathini. Nilikua nikiyatazama.

Mwaka huu wa 1974 ilikuwa zamu yangu kuendesha. Mabruki alikuwa amejenga gari kwa miaka mitatu, injini ya Pijo iliyopinduka njia ya Sikonge, na mimi Silasi, mwenye cheti cha kidato cha nne na mdomo usio na breki, ndimi niliyekabidhiwa usukani.

Wiki tatu kabla, likaja trekta.

Bwana Nassibu, katibu wa kijiji chetu kipya, alikuwa anangoja mgeni wa Saba Saba, na mgeni lazima aone shamba la ujamaa limelimwa. Mwezi wa sita! Ardhi kavu kama kigae! Pori lipo kushoto na kulia, lakini pori lina visiki. Yai halina kisiki hata kimoja. Na trekta lilikuwa la kuazima, jioni lirudi Urambo.

Mabruki alivua kofia. Mzee mzima. "Bwana Katibu, nakuomba. Wiki tatu tu, tushindane mara moja, halafu lima."

"Fundi, huu ni wakati wa jembe. Wewe unatoka hapa, unazunguka, unarudi hapa hapa. Hiyo ni safari gani?"

Nikapandwa na damu. Sasa, Katibu ni Mzaramo wa Kisarawe, mimi Mnyamwezi, na hao ni watani tangu babu zetu walipobeba pembe hadi pwani. Ni rika la baba yangu, lakini nilikuwa sijawahi kumpa shikamoo. Mtani haamkiwi, hutukanwa. Na kwenye msiba mtani ana haki moja kubwa: hulala kaburini, na maiti hazikwi mpaka apewe chake akakubali.

Nikajilaza chali mbele ya trekta. "Maiti huyu hazikwi! Mtani sijapewa changu!"

Dereva akazima. Watu wakaangua kicheko, jirani yetu Bi Kuluthumu akapiga vigelegele. Katibu alishika tumbo. Hawezi kuita mgambo, maana anayemkasirikia mtani msibani ni mtu wa aibu. Nikapiga hesabu: nikatae kila kitu mpaka jioni, trekta lirudi kwao.

"Mpagazi wee, chukua kofia yangu."

"Ina chawa wa Kisarawe."

"Nakupa binti yangu."

"Kafanana na wewe. Kaa naye."

Nilikataa saa, nikakataa viatu. Jua likafika utosini. Mabruki alisimama pale pale, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona anatabasamu.

Katibu akaja kukaa kando yangu, akatoa kijikaratasi cha karanga za kukaanga, akawa anatafuna taratibu. Mwaka wa njaa huu. Mimi nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu jana mchana.

"Utanifia hapa, mpagazi," akasema, akanimwagia gao moja kifuani.

Mkono haukuniuliza. Nilishtukia natafuna.

"Kala!" Katibu akaruka. "Mashahidi, mtani kala! Maiti azikwe!"

"Sikukubali!" nikapiga kelele. "Sikukubali!" Nilivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kucheka, maana kelele za mtani nazo ni sehemu ya mchezo. Bi Kuluthumu na wenzake wakaninyanyua huku na huku, wakanitoa njiani kwa nderemo. Trekta likaunguruma. Jembe lilivunjika meno mawili juu ya udongo wa babu yangu, lakini lilipita, mzunguko mzima.

Mabruki hakucheka. Alivaa kofia yake.

"Wewe ulikuwa unatania, Silasi," akaniambia. "Mimi nilikuwa naomba."

Saba Saba mgeni hakuja.

Siku ya pili yake Katibu aliniona kwenye foleni ya unga, akapaza sauti, "Mpagazi! Umeshiba karanga?" Foleni nzima ikageuka, meno nje, ikingoja jibu langu. Nilikuwa nayo kumi ulimini.

Nikavua kofia, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bwana Katibu."

Hakuna aliyecheka. Marahaba haikutoka.