Nyuzi Mpya za Ukasha

Uzi mwembamba wa gitaa ndio ulioanza kumnyamazia Ukasha. Aliupiga akiwa barazani kwake, ukatoa sauti ya kijiti kikigongwa kwenye kisahani: tik, basi. Akaukaza. Tik. Akaupiga kwa ukucha. Tik. Nyuzi nene zilikuwa bado zinanguruma, lakini ule mwembamba, ambao harusini ndio unaowanyanyua kina mama mikekani, ulikuwa kama umefungwa kitambaa.

"Nyuzi zimezeeka," akasema. Akasema kwa sauti, peke yake, kwa sababu moyoni lilikuwapo neno la pili ambalo hakutaka kulisikia.

Neno lenyewe lilikuwa hili. Ukasha alikuwa mzamiaji wa kamba koche, wale kamba wakubwa wa miambani, pale Ndagoni, mzamiaji wa miwani na pumzi zake mwenyewe, hana mtungi wa hewa. Muda si mrefu kabla ya uzi kunyamaza, alimfuata nahodha wake, Kombo, kwenye maji marefu kuliko aliyoyazoea. Huko chini kitu kikamlipukia kichwani, paa! Maji ya baridi yakaingia mahali ambapo maji hayana ruhusa ya kuingia, na dunia ikamzunguka hata asijue juu ni wapi. Alipoibuka, damu ilikuwa inamchirizika shingoni.

Chomboni wakampigia makofi. "Limefunguka! Limefunguka!" Kwa wazamiaji wa Kombo, sikio likipasuka huhesabiwa kuwa limefunguka: halitakuuma tena ukishuka, na wewe sasa ni mzamiaji kamili. Wakamtia mafuta ya nazi ya uvuguvugu, na siku hiyo akachaguliwa samaki mkubwa wa kupeleka nyumbani. Mwenzao anatoka damu, wao wanampa hongera! Haukupita muda likafunguka na la pili, akapongezwa tena.

Basi hesabu yake ilikuwa nyepesi, na ilimtisha kwa wepesi wake. Kama ubovu uko kwenye nyuzi, dawa ni nyuzi. Kama uko masikioni, kila akizama anajizibia mwenyewe, na itafika siku hatalisikia gitaa, wala mkewe Sabra, wala mtoto wao Faraja, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema "baba". Ukasha akachagua kuamini nyuzi. Nani asingechagua hivyo?

Aliyempa nguvu ya kuamini ni Mwalimu Costantine, mtu wa bara, mpiga gitaa wa kwaya ya kanisani, ambaye ndiye aliyemfundisha kupiga. Mwalimu alizipapasa zile nyuzi akatikisa kichwa.

"Hizi zimekwisha, ndugu yangu. Hewa ya huku ina chumvi, na vidole vyako vina chumvi zaidi. Uzi ukishaliwa na kutu, sauti kali ndiyo inayotangulia kufa. Unabakiwa na mlio wa debe."

"Sauti kali ndiyo inayotangulia?"

"Siku zote."

Ukasha nusura ambusu. Hakumwambia habari za damu.

Mwalimu akamwambia uzi mchafu unaweza kufufuka kidogo ukichemshwa. Siku hiyo hiyo nyuzi zikaingia kwenye sufuria ya chai. Sabra akachungulia, mikono kiunoni.

"Baba Faraja, leo tunakula supu ya waya?"

"Usizikoroge tu."

Alizikausha, akazifunga, akapiga. Tik. Lakini Sabra, aliyekuwa anachambua mchele, akainua uso akatabasamu. "Eh! Kumbe supu imekubali. Limelia vizuri." Ukasha akatabasamu naye, na mgongo mzima ukamsisimka kwa baridi.

Tangu hapo hofu ikahamia nyumbani, ikala naye na kulala naye. Alianza kuona midomo ya watu kabla ya maneno yao. Aliona jogoo kapanda juu ya ua, kanyoosha shingo, kafumbua mdomo, kafumba, akashuka. Siku moja, akitembea barabarani, akashtukia mkono wa mtu ukimvuta shati, na pikipiki ikapita pale pale alipokuwa, dereva akigeuka nyuma kumtukana. Matusi hakuyasikia. Hata honi hakuisikia. Alikaa chini kwenye majani, akajiambia kwamba upepo ulikuwa unavuma upande wa pili. Upepo wenyewe siku ile haukuwapo.

Mtu ambaye Ukasha alimsikia barabara alikuwa mmoja tu, Kombo, kwa kuwa Kombo husema kwa ukelele hata akikuomba chumvi. Watu walisema ni hasira za unahodha.

Mwalimu alipokuwa anakwenda Dar es Salaam likizo, Ukasha alimwagiza nyuzi.

"Nyembamba au nene?" Mwalimu akauliza. "Nyembamba hazikuumizi vidole, ila sauti yake ndogo. Nene zinauma, lakini zinalitikisa tumbo zima la gitaa."

"Nene. Nene kuliko zote."

"Gitaa lenyewe la zamani hilo. Zitaling'oa daraja, hicho kibao kinachozishika."

"Na ling'oke."

Mwalimu akamtazama kwa mshangao, akacheka. "Haya. Nikikuletea hizo, Bwejuu kule ng'ambo ya maji watakusikia bila simu."

Nyuzi zikaja, za shaba, zimejiviringa ndani ya bahasha yake kama pete. Ukasha akaitundika bahasha kwenye msumari, pamoja na miwani yake ya kuzamia, na asiiguse. Kila akipita chumbani aliiangalia, akatoka. Maadamu hajaifungua, ubovu ulikuwa bado wa nyuzi. Mwoga huyo! Lakini si mwoga wa bahari. Bahari hakuiogopa hata mara moja. Aliogopa karatasi.

Aliyemlazimisha ni Kombo, aliyemletea habari kwamba kesho wanakwenda kwenye mwamba mpya, maji marefu kupita yote, na alasiri atapita mwenyewe kuchukua jibu. Ukasha akaweka nadhiri na nafsi yake: nikiusikia uzi mwembamba, ninakwenda. Nisipousikia, siendi tena maisha yangu.

Baada ya swala ya adhuhuri akakaa barazani. Akatoa nyuzi kuukuu, akafuta ubao, akafunga mpya moja baada ya nyingine, akizungusha vigingi polepole. Mbao zikalalamika kwa mvuto. Aliusikia mlalamiko huo kwa mapaja, si kwa masikio. Jasho likamtoka kwapani. Akapiga ule mnene wa juu. Ukanguruma, akausikia, moyo ukamruka kwa furaha. Wa pili ukanguruma. Wa tatu ukafifia kidogo. Alipofika kwenye mwembamba akafumba macho, akasema bismillahi, akaupiga kwa nguvu zake zote.

Tik.

Alipofumbua macho, kuku walikuwa wanatawanyika uani. Sabra alitokea mlangoni na mwiko mkononi, midomo ikienda mbio, na Ukasha akaisoma: taratibu, utamwamsha mtoto. Nyuma yake, kwenye mkeka wa ndani, Faraja alikwisha kuamka. Uso wake ulikuwa umekunjamana, mdomo wazi mpaka koo linaonekana. Mtoto alikuwa analia hatua chache kutoka kwa baba yake, na baba aliuona ule mdomo tu.

Sabra alipoingia kumbembeleza, Ukasha akakumbuka jambo alilowahi kuambiwa na Mwalimu. Ukiwa penye kelele za jenereta na unataka kulilinganisha gitaa lako, ling'ate, maana mlio hupita kwenye mfupa. Akaliinua gitaa, akaung'ata ukingo wa ubao wake, akaugusa uzi mwembamba, safari hii kwa ncha tu ya kidole.

Ukalia. Ya Rabi, ukalia! Uliingia kwenye meno, ukapanda utosini, mkali, safi, mrefu, ule ule wa harusini. Akaugusa tena, akaumwa na utamu wake, machozi yakamchuruzika hadi kwenye mbao. Nyuzi zilikuwa nzima. Bila shaka na zile za supu zilikuwa nzima. Alipoyatoa meno, kimya kikamrudia, na sasa hakikuwa na mahali pa kusingiziwa.

"Hodiii!"

Alikuwa Kombo. Ukasha akajifuta uso upesi.

"Karibu, nahodha. Shikamoo."

Kombo hakuitika. Hakuwa na desturi ya kuitika shikamoo, na kijiji kizima kilikuwa kimemhukumu kwamba ana majivuno. Akaketi kwenye ukingo wa baraza, akanyoosha miguu, akaanza kupaza sauti: mwamba mpya huo, kamba wamepandana kama viatu mlangoni mwa msikiti, alfajiri wasichelewe, na mtu mwenye masikio yaliyofunguka kama Ukasha ndiye atakayetangulia kushuka.

Sabra alikuwa amerudi mlangoni na Faraja begani. Alimtazama mumewe, na Ukasha akajua kwamba ameyaona machozi. Amwambieje mtu aliyemfanyia sherehe kwa damu ile? Vidole vyake, kwa kukosa la kufanya, vikauparamia uzi mwembamba, vikaupiga, na kuupiga, na kuupiga, kwa hasira. Sabra akamziba Faraja masikio kwa kiganja. Jirani akachungulia juu ya ua wa makuti.

Kombo alikuwa ameinama kidogo, anavitazama vidole vya Ukasha, anatabasamu kwa subira kama mtu anayengoja chakula kiive.

"Mbona unapapasa tu, mdogo wangu?" akasema kwa ule ukelele wake. "Lipige basi, tusikie!"

Mkono wa Ukasha ukaganda. Akamwangalia Kombo usoni, namna anavyokazia macho midomo ya mwenziwe, shingo aliyoipinda upande mmoja, na zile shikamoo zote zisizoitikwa zikamrudia pamoja. Hayakuwa majivuno, wala hasira. Mtu huyu alikuwa amekaa kwenye giza hilo la masikio miaka, peke yake, akiwaita wengine wamfuate, na wala hajui kwamba ni giza. Ukasha aliogopa kama hajapata kuogopa chini ya maji.

Akalilaza gitaa. Akaingia ndani, akaitungua miwani kwenye msumari, akatoka, akaiweka kwenye mikono ya nahodha.

"Kesho siendi," akasema.

Kombo akaigeuza ile miwani, akatafuta ilipopasuka.

"Siendi tena, nahodha. Masikio yangu yanakufa."

Kombo akainua uso, bado anatabasamu. "Unasemaje?"

Ikabidi Ukasha apige magoti mbele yake, amshike mabega, na kuyarudia maneno yale kwa ukelele, mpaka Faraja akaanza kulia tena.