Shangazi wa Kuazima

Mimi ni mtu wa Tanga, kazi yangu kupanda minara ya simu. Urefu siuogopi, radi siiogopi. Kilichonitia hofu kule ugenini Butembo ni swali la nesi Solange, nilipojikunja kwenye benchi la hospitali huku tumbo likinikata upande wa kulia.

"Ni appendicite," alisema. "Docteur atakupasua leo. Mais garde-malade yako iko wapi?"

Nikampa kadi ya bima. Akaigeuza huku na huku kwa heshima zote.

"Hii itakupikia? Itakufulia manguo? Itakesha na weye? Hapana. Leta mutu."

Mtu nimtoe wapi? Wenzangu wa kazi walikuwa Beni, na barabara ilikuwa imefungwa. Nikakasirika. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, nitajihudumia mwenyewe. Nikasimama nimwonyeshe, nikaanguka chali. Hapo niliogopa kweli: nitakufa, na bima ninayo.

Wakanilaza wodini; kitanda cha jirani alilala Paulin, dereva wa pikipiki aliyevunjika mguu. Ukoo wake mzima ulikuwa umetoka Luofu kuja kumuuguza, na mmoja wao alikuwa ameukalia ule mguu uliobaki mzima.

"Infirmière," Paulin alimlalamikia nesi, "mumupatie huyu tantine Jokébed. Huku batu bamejaa, hata pumuzi sipate."

Watu huazimana sufuria, huazimana hata suti ya harusi. Mimi nikaazimwa shangazi. Jokébed, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, alinitazama mara moja tu, kisha akamgeukia daktari aliyekuwa anaingia.

"Huyu ni mutoto yangu. Mumupasue muzuri."

Nilipozinduka alikuwa amechukua viatu vyangu, simu yangu na madaraka yote. Nikaomba maji.

"Hapana. Docteur anasema ujambe kwanza."

Nilidhani ni dawa ya usingizi inayonichezea. Kumbe ni kweli: tumbo likishapasuliwa, utumbo hulala, na dalili ya kuamka kwake ni hiyo. Sasa mimi nililelewa kwamba hata kupiga chafya mbele ya wakwe ni mtihani. Jokébed akawa ananiuliza kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, "Mutoto, ulishajamba?" Wodi nzima inageuka kunitazama. Watu wa Luofu wakiingia asubuhi, salamu yao ya kwanza ndiyo hiyo. Wanasema mficha uchi hazai, lakini mimi sikuwa natafuta kuzaa.

Siku ya pili tumbo likawa gumu kama ngoma. Daktari aliligusa, akaacha kutabasamu. Akasema lisipolegea hadi jioni, atanifungua tena. Jokébed alinishika mkono, ncha ya kitenge ikiwa mdomoni. Kisha akatuma watu wamwite pasta wake, Ésaïe.

Pasta alipofika, wote wakainamisha vichwa, hata wagonjwa walioweza kuinuka wakainuka.

"Bwana," alianza pasta, "weye unafunguaka njia penye njia hapana..."

Akanyamaza kuvuta pumzi. Katika ukimya ule, ikatoka. Ilikuwa ndefu, wala haikuwa na haya.

"Amina!" ikaitikia wodi nzima. Paulin alipiga makofi, mtu akaanzisha wimbo. Mimi nilijifunika shuka hadi kichwani. Wakati huo huo simu yangu ikalia ndani ya kitenge cha Jokébed. Aliposoma jina la "Mama" hakungoja ruhusa ya mtu. Mama yangu, kule Tanga, hakuwa na habari hata kwamba naumwa.

"Mama! Aksanti Yesu! Mutoto yetu amejamba!"

Nikaisikia sauti ya mama, mbali.

"Alhamdulillahi. Na wewe ni nani, mwenzangu?"

"Ni miye mama yake ya huku," akajibu Jokébed, machozi yakimtiririka.

Nikageukia ukutani nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi, na kila aliyekuwemo wodini alinisikia.